Neno Asilolisema Karisa

Mwalimu wenu wa chuo cha hoteli ameniomba niwaandikie kurasa chache za kuwatia moyo, nyinyi mnaosomea kazi ya mapokezi. Nimemwambia moyo wa kumtia mtu sina, ninacho kisa tu. Akasema hata kisa kitafaa. Basi mkichoka kusoma, mlaumuni yeye.

Nilikaa nyuma ya meza ya mapokezi ya hoteli moja ya ufuoni hapa Malindi tangu nikiwa msichana wa kuvaa viatu vya kuazima mpaka miguu ikavimba haiingii viatu vyangu mwenyewe. Hoteli yenyewe imefungwa sasa. Ukipita utamkuta mlinzi mmoja amelala kitini na nyasi zimeota hadi mlangoni. Jina la hoteli sitalitaja, na wala halihusu. Malindi ni mji wa Wataliano, hilo mwalijua, lakini sisi wageni wetu wengi walikuwa Waingereza, na mimi uhai wangu wote nimeumaliza nikiwasikiliza Waingereza.

Watu hudhani kazi ya mapokezi ni kutoa funguo na kucheka cheka. Siku hizi kuna mashine inatoa funguo, tena haichelewi kazini. Kazi ya mapokezi, wanangu, ni kumsikiliza mtu mmoja akikusimulia alichosema mtu mwingine. Mhudumu aliniambia hivi, mpishi alinijibu vile, dereva wenu alisema hivi. Kutwa nzima ni hayo. Na juu ya hiyo "alisema" ya mgeni, kuna mtu Gongoni au Kakuyuni ambaye wanawe watakula au watalala hivi hivi.

Aliyenifundisha alikuwa mkuu wa mapokezi, Bwana Athmani, Mwamu wa Lamu hasa, mwenye Kiingereza kilichonyooka kama kanzu yake ya Ijumaa. Mimi nilikuwa na pupa. Mgeni akija kulalamika, namuuliza papo hapo, alikwambia nini, nikimbilie kumkemea mhudumu. Siku moja akaniita kando, akanipa somo ambalo hamtalipata katika vitabu vyenu.

"Mwanaisha," akaniambia, "usianze na alisema nini. Anza na uliona nini. Halafu muache asimulie mara ya pili. Kitakachobadilika ni chake mgeni. Kitakachobaki ndicho cha mhudumu."

Mimi sikuamini. Nikaona ni maneno ya wazee wasiopenda kazi ya haraka. Lakini nilipojaribu nikaona ajabu. Bwana mmoja alisema mhudumu wa vyumba amemwambia chumba ni chake mhudumu, si cha mgeni. Nikamuuliza aliona nini. Akasema alimwona mhudumu amekaa kwenye kiti cha chumbani. Aliposimulia mara ya pili, maneno yale ya "chumba ni changu" yakawa hayamo tena, kiti kimebaki palepale. Mhudumu alikuwa amekaa kufunga kamba ya kiatu.

Ndipo nikaanza kuwasikiliza Waingereza kwa sikio jingine. Nikagundua kwamba hawasimulii maneno ya watu kwa namna moja. Inategemea umri, inategemea ametoka familia gani, ni mwanamume au mwanamke, anamwambia nani, na zaidi ya yote, anamsema nani. Hakuna aliyenifundisha hili. Nililiokota pale mezani, neno kwa neno, kama mtu anayeokota mchele kwenye sinia.

Mzee wa kiume, hasa aliyekuwa askari au mwalimu, alisimama wima, akanipa saa na mahali, kisha akanipa maneno mazima mazima: akasema, hakuna maji ya moto mpaka kesho. Huyo ungeweza kumwamini kila neno. Lakini hakuwa na habari kama mhudumu alisema akitabasamu au akinuna, kwa hiyo nusu ya jambo ilikuwa imeanguka njiani.

Bibi zao, wale wa miji ya viwanda, walinifurahisha. Nikamwambia, nikasema, naye akaniambia, akasema. Kila neno lilikuja na "akasema" mbili, na kila mtu katika kisa alipewa sauti yake. Nikifumba macho nilijiona niko uani kwetu na mashangazi wanasuka ukili. Hao walisema na kuigiza kwa pamoja, na ulijua wapi panaishia maneno na wapi panaanzia mchezo.

Mtu wa ofisi au wakili yeye hakuwa na "alisema". Alikuwa na "alidai" na "alidokeza" na "nilipewa kuelewa". Ukisikia Mwingereza ameanza na alidai, ujue hukumu ameshaitoa zamani, wewe unapelekewa nakala tu.

Walikuwako pia mafundi na watu wa kazi za mikono, ambao badala ya kusema "akasema" walisema "akaenda". Mara ya kwanza mgeni aliniambia kwamba mhudumu wa baa "akaenda, hatuna barafu", nikamuuliza kwa adabu zote ameenda wapi. Yule mgeni akanitumbulia macho. Bwana Athmani alikuwa nyuma yangu, akakohoa kile kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Siku nzima akinipita ananiuliza, Mwanaisha, yule ameshafika?

Kisha wakaja vijana. Hao ndio wa kisa hiki, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Vijana wao, wasichana kwanza na wavulana baadaye, "alisema" waliitupa kabisa. Walikuwa na neno lao, ambalo ukilitia katika Kiswahili ni "alikuwa kama". Alikuwa kama, halafu wanaigiza, wanapandisha mabega, wanazungusha macho, wanatoa sauti. Maneno yanayofuata huenda yalisemwa na huenda hayakusemwa. Ni sura ya mtu jinsi walivyomwona, imetiwa maneno ili ipate kusimuliwa. Wenyewe kwa wenyewe hawadanganyani. Kijana akimsikia mwenziwe anasema hivyo, hatafuti maneno, anatafuta ile sura. Siku hizi watoto wa matajiri wa Nairobi nao ni hivyo hivyo, na wa Malindi hawako mbali.

Na jambo moja lilinikaa rohoni kuliko yote. Mgeni akisimulia maneno ya mgeni mwenziwe, anachunga ulimi. Akisimulia ya meneja, anampa maneno kamili na "alisema" yake. Lakini mhudumu, dereva wa tuktuk, muuza vinyago wa pale ufuoni, hao huigizwa. Hupewa sauti isiyo yao, na Kiingereza kilichovunjika hata kama chao ni kizima. Nilimjua mhudumu mmoja wa mezani aliyekuwa na shahada, lakini katika vinywa vya wageni hakuwahi hata siku moja kumaliza sentensi sawasawa. Mwanzoni nilikuwa nikicheka. Nikaacha.

Sasa niwaambie habari za Karisa.

Karisa alikuwa Mgiriama wa Kakuyuni, mtu wa taulo pale kwenye bwawa la kuogelea. Alikuwa na wajukuu, na bado kazi yake ikiitwa ya boi. Maneno hakuwa nayo. Si kiburi, lahasha, ilikuwa ni haya. Asubuhi anaamkia watu, anapanga vitanda vya kuotea jua, anakunja taulo, jioni anaaga. Kiingereza alikisikia chote lakini alijibu kwa kichwa. Wageni waliorudi mwaka hadi mwaka walimpenda, ijapokuwa sidhani kuna aliyewahi kuisikia sauti yake vizuri.

Msimu ule alikuja mama mmoja wa Kiingereza, mtu mzima wa rika la Karisa, pamoja na binti yake wa chuo kikuu. Mama mwenyewe hakuwa mbaya. Alikuwa mtu wa heshima zake, wa kukushukuru hata ukimpa kalamu. Mchana mmoja alikuwa akipanda ngazi kutoka majini, kamba ya vazi lake la kuogelea ikakatika, na kifua chote kikawa nje. Akajishika kwa mikono, akamwita Karisa ampe taulo.

Hapo ndipo penyewe. Karisa alimwona, akageuka saa ile ile, akampa mgongo. Akaja kinyumenyume kidogo kidogo, akaiweka taulo kwenye kitanda kilichokuwa karibu, si karibu sana, kisha akaondoka bila kutamka neno wala kugeuka. Nyinyi wa Kilifi hamna haja ya kuelezwa. Kwetu mwanamume akimkuta mama mtu mzima katika hali ile, hamtazami wala hamsemeshi. Hata radhi hamwombi, maana kumwomba radhi ni kumwambia nimekuona. Karisa alimfanyia yule mama heshima kubwa kuliko zote alizokuwa nazo. Lakini mama aliona mgongo tu, na ikambidi atembee hatua zile akiwa vile alivyo mpaka kwenye taulo, watu wakitazama.

Binti yake aliyaona yote akiwa baa na wenzake. Baa ilikuwa inatazamana na meza yangu, nikamsikia kwa masikio yangu akiwasimulia. Alisema mama alikuwa pale, kila kitu kiko nje, anaita taulo, na yule bwana alikuwa kama, "Jifunike, mama, hakuna anayetaka kuona hayo." Na huku anaigiza ule mgongo wa Karisa unavyorudi kinyumenyume. Wenzake wakacheka sana. Halikuwa neno la ubaya. Alikuwa anamcheka mama yake kwa mapenzi, kama mnavyowacheka wenu.

Kumbe mama amesimama nyuma ya nguzo na taulo yake mabegani.

Akaja mezani kwangu uso umemwiva. Akaniambia mtu wenu wa taulo amenitukana, amesema hivi na hivi. Mimi nikashika somo la Bwana Athmani, Mungu amrehemu, wakati huo alikuwa ameshafariki. Nikamuuliza, mama, uliona nini? Akasema aliona mgongo. Nikamwomba radhi asimulie tena. Mara ya pili mgongo ulikuwapo vilevile, ila maneno yalikuwa yameongezeka, sasa yalisemwa kwa sauti na mbele ya watu. Nikajua. Nikataka kumwambia kwa upole, lakini utamwambiaje mwanamke aliyedhalilika kwamba tusi lile limetoka kinywani mwa mwanawe? Nikiwa bado natafuta njia, akaniacha akaenda moja kwa moja kwa meneja. Na mbele ya meneja, mama yule wa kusema "akasema" aligeuka mtu wa ofisi. Mfanyakazi wenu alitamka maneno yafuatayo. Jioni ile ile akaipigia simu kampuni iliyomleta.

Nilimtafuta binti. Nikampata ufuoni peke yake, nikamuuliza, je, yule mzee alisema maneno yale?

"Hapana, hakusema kitu," akanijibu bila kufikiri mara mbili. "Ila ndivyo alivyokuwa."

Nilipomweleza mahali maneno yake yalipofika, rangi ikamtoka. Akaniomba nisimpeleke kwa mama yake, kwa sababu atamuuliza, kumbe ni wewe uliyeona mwili wangu hautazamiki? Akalia, maskini. Akaniahidi atasema mwenyewe wakifika kwao. Nadhani alikuwa mkweli wakati anaahidi. Kesho yake waliondoka, na sikusikia tena habari zake.

Nikaenda kwa meneja. Alikuwa kijana wa Nairobi, mwenye Kiingereza cha kumiminika, na mimi mwenyewe nimemsikia mara nyingi kwenye simu akiwasimulia rafiki zake kwa "alikuwa kama" yake. Nikadhani huyu angalau ataelewa. Nikamweleza kutoka mwanzo hadi mwisho. Alinisikiliza vizuri, hakunikatiza.

"Bi Mwanaisha," akasema, "mimi najua msichana alimaanisha nini. Lakini mama yake ameshasema alisema, na kampuni imeshasikia alisema. Sasa niwaandikie kwamba huyo mama hajui Kiingereza?"

Mwaona? Si kwamba hakuelewa. Mtu asiyeelewa unaweza kumwelewesha. Huyu alielewa kuliko mimi, na haikusaidia chochote.

Hata hivyo alitaka mambo yafuate sheria, kwa hiyo Karisa akaitwa. Tulikuwa chumba kidogo nyuma ya ofisi. Alikuwapo meneja, na bibi wa ofisi ya wafanyakazi, na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, nami kwa kuwa malalamiko yalipitia kwangu. Alikuwapo na mkuu wa usafi, mama wa Kigiriama mtu mzima, ambaye Karisa alimwinamia kichwa kila akimpita kama ni mama mkwe wake. Meneja akasema atampa Karisa nafasi ya kujitetea. Akayataja yale maneno kwa Kiswahili, wazi, yote, hivyo hivyo yalivyo, mbele yetu. Mama mkuu wa usafi akainamisha uso. Mimi nikatazama dirishani.

Karisa akasema, "Sikusema."

"Hukusema nini?" akauliza meneja.

Karisa akanyamaza.

Bibi wa ofisi akamwambia kwa upole kwamba anahitaji maelezo kamili, aseme tu kwa kinywa chake, mimi sikumwambia mgeni hivi na hivi, ayataje, yaandikwe, basi. Karisa akatazama sakafu. Mwakilishi wa chama akamnong'oneza kwa Kigiriama. Karisa akatikisa kichwa. Meneja akarudia, hukusema nini? Na jasho lilikuwa likimtoka yule mtu, nililiona likimdondoka kidevuni.

Nikasimama. Nikasema kwetu mtu akitukanwa akaenda kushitaki, halisemi tusi. Husema amenitukana tusi la nguoni, na wazee hawamuulizi ni lipi, kwa kuwa anayelirudia ametukana mara ya pili. Nikasema mnamtaka mtu huyu aseme habari za kifua cha mama mtu mzima mbele ya mama mtu mzima, ili athibitishe kwamba yeye si mtu wa kusema maneno hayo. Nilisema kwa hasira, na nilidhani nimelimaliza. Meneja akanitazama kwa huruma. Akasema anaziheshimu mila, lakini hapa si barazani kwa wazee.

Ikaandikwa kwamba mfanyakazi alikana lakini akashindwa kueleza anakana nini. Karisa akafutwa kazi siku ile, baada ya umri wake wote pale bwawani. Alikunja sare yake kama alivyokuwa akikunja taulo, akaiweka juu ya meza yangu, akaondoka.

Mnataka niwaambie kwamba haki ilikuja baadaye. Haikuja. Lakini hayo ya kufutwa kazi siyo yaliyonivunja. Watu hufutwa kazi. Kilichonivunja ni kilichofuata.

Wafanyakazi waliotoka zamu wakaibeba habari, na bodaboda zikaifikisha Kakuyuni kabla ya Karisa mwenyewe. Ilipofika, haikufika kama aibu, ilifika kama shangwe. Kumbe watu walikuwa wamechoka siku nyingi na wageni wanaotembea uchi mjini, na sasa amepatikana mwanamume aliyemwambia mzungu kwa kinywa chake, jifunike, hakuna anayetaka kuona hayo. Wakamsifu kanisani. Nasikia hata msikitini Malindi alitajwa kwa wema. Vijana wa stendi ya bodaboda wakimwona wanampigia honi wanaitamka ile sentensi yote, wakimnunulia chai.

Karisa afanye nini? Akikana ataulizwa, hukusema nini? Akawa anainamisha kichwa anapita, na wao wakaona ni unyenyekevu, wakampenda zaidi. Lakini wanawake watu wazima walianza kumkwepa. Mama mkwe wa mwanawe alisita kuja nyumbani, akiona si vizuri kukaa ua mmoja na mwanamume mwenye ulimi ule. Harusi akiitwa hakwenda. Alijifungia na mihogo yake na mikorosho yake. Nilimtembelea mara kwa mara, na kila mara nikamwambia, Karisa, niruhusu niwaambie watu. Alinitikisia kichwa tu. Nilifikiri ipo siku atakubali.

Ameaga dunia juzi juzi hapa.

Nilikwenda matangani. Turubai zilikuwa zimejaa hadi barabarani, watu wametoka mpaka Rabai. Mshereheshaji akashika kipaza sauti akasema tunamzika simba. Akasimulia kisa cha bwawa, na alipofika kwenye yale maneno, umati wote ukayaitikia kwa pamoja kama wimbo. Wakapiga makofi. Mjukuu wake mmoja, Sidi, msichana wa chuo, mchangamfu, akainuka akaigiza vile babu yake alivyosimama, mkono kiunoni, kidole hewani, anamkaripia mzungu. Karisa, ambaye sikuwahi kumwona amenyoosha kidole hata kumfukuza kunguru.

Mimi nilikuwa ndani, nimekaa mkekani na mjane wake, Mama Kadzo. Makofi yalipotulia akaniinamia, akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Wewe ulikuwapo. Alisema kweli?"

Nikamshangaa. Miaka yote hiyo katika kitanda kimoja, hakumwambia. Nikamsimulia yote, ule mgongo, ile taulo, lile swali la meneja. Mama Kadzo alilia kilio tofauti na kile alichokuwa analia. Akanishika mkono akaubana. Akasema alijua, moyoni alijua kwamba mume wake hana kinywa hicho, ila kila mtu alikuwa na hakika kuliko yeye. Akaagiza Sidi aitwe. Akasema angalau mtu mmoja wa damu yake ajue tsawe wake, babu yake, alikuwa nani.

Sidi akaja, akaniamkia vizuri, akapiga magoti mkekani. Nikamweleza tena, taratibu, nikichagua kila neno. Nilimwambia hakusema kitu. Nilimwambia alimpa mgongo kwa sababu ya heshima, na akanyamaza kwa sababu ya heshima, na kunyamaza kule ndiko kulikomgharimu kila kitu. Alinisikiliza kichwa upande, macho yananiangalia usoni. Akaniuliza mara moja tu, "Hata neno moja?" Nikamwambia hata neno moja. Akasema, "Asante, bibi," akainuka.

Ukuta ule ulikuwa wa udongo na makuti, hauzuii sauti. Tulimsikia akifika kwa wenzake, wakimuuliza alikuwa anaitiwa nini. Akawaambia yule bibi wa hotelini amesema mambo si hivyo. Kisha akatoa sauti ya mtetemo, ya kikongwe, sauti yangu, akaigiza: "Babu yenu alikuwa mwoga, alimwona mzungu akakimbia." Wakacheka. Si kicheko kile cha mshereheshaji. Mmoja akasema, kumbe. Mwingine akasema, na tulivyompigia makofi.

Mimi sikuwahi kulitamka neno woga. Nikataka kuinuka nitoke nje, lakini ningesema nini? Kwamba sikusema? Mama Kadzo alikuwa ameuachia mkono wangu. Hakuwa amekasirika, laiti angekasirika.

"Yule wa kwanza alikuwa wa uongo, Bi Mwanaisha," akasema, "lakini walikuwa wakimpenda. Sasa umeniachia yupi?"

Nikavaa ushungi wangu nikatafuta bodaboda ya kunirudisha Malindi.